Orodha Ndefu ya Mahafali ya Kwalea

Kuna watu wenye midomo wanaosema kwamba katika nchi yetu mambo hayaendi. Waongo wakubwa! Mambo yanaenda, tena yanaenda kwa utaratibu, na ni huo utaratibu ndio unaoyachelewesha kufika. Jina la nchi silitaji. Si kwamba naogopa, hasha. Kibali cha kulitaja kinatolewa siku za Jumanne, na leo ni Alhamisi.

Mimi naitwa Kilongola, mtunza stoo wa Chuo cha Jamii cha Kwalea, na kwa miaka tisa nimekuwa pia mbeba siwa wa chuo hicho. Mbeba siwa ndiye anayetangulia maandamano ya wasomi siku ya mahafali, ameinyanyua ile fimbo ya heshima, uso ameukunja kama mtu aliyenusa maziwa yaliyochacha. Kazi hiyo naipenda kuliko kula. Siwa yetu yenyewe, ile ya mpingo, ilipelekwa wizarani miaka saba iliyopita ikahakikiwe kama kweli ni siwa, na mpaka leo inahakikiwa. Kwa hiyo mimi nabeba mwiko wa jikoni, ule mkubwa wa kusongea ugali wa watu mia tatu, tumeupaka rangi ya dhahabu. Ukiwa mbali hujui. Ukiwa karibu unajua, lakini aliye karibu ni wa meza kuu, na wa meza kuu hawana desturi ya kuangalia vitu.

Ngoja nieleze mila zetu kwanza, maana asiyezijua atadhani siku ile tulifanya fujo.

Katika nchi yetu mtu hawi mhitimu kwa kufaulu mitihani. Kufaulu ni juhudi zake binafsi, haziihusu serikali. Anakuwa mhitimu pale mgeni rasmi anaposimama na kutamka "Nawatunuku," naye akakigeuza kishada cha kofia yake kutoka kulia kwenda kushoto. Kabla ya hapo ni mhitimu mtarajiwa, hata akiwa na mvi. Kwa wanafunzi wetu wa ukunga jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu ya Sheria ya Mikono. Sheria hiyo inasema kwamba mkono usiotunukiwa ukimzalisha mama, mwenye mkono anafutwa kwenye daftari la wasomi maisha yake yote, na mkono wenyewe unaandikiwa barua ya onyo.

Sasa kuna orodha. Kabla mgeni rasmi hajafungua kinywa, lazima wakubwa wote waliohudhuria watajwe mmoja mmoja, kwa cheo, kuanzia juu. Zamani washereheshaji wavivu walikuwa wakitaja wawili watatu, kisha wanasema "itifaki imezingatiwa," basi, shughuli inaendelea. Siku moja maneno hayo yakatamkwa mbele ya shemeji wa Mkubwa Mwenyewe. Shemeji akakaa mchana kutwa hajatajwa, jioni akarudi kwake hana hakika kama alikuwepo. Tangu hapo maneno yale mawili yamepigwa marufuku katika jamhuri nzima. Na akifika mkubwa mwingine katikati ya kusoma, orodha inaanza upya kutoka juu, asije akaonekana amebandikwa kama kiraka.

Na la mwisho: yote hayo yaishe kabla bendera haijashushwa saa kumi na mbili jioni. Bendera ikishuka, mahafali ambayo hayajaisha yanahesabiwa kwamba hayakuanza. Tukutane mwakani, inshallah.

Wakubwa wetu si wajinga. Wamegundua kwamba anayefika mapema anatajwa mara moja, na anayechelewa anawafanya watu wote watajwe tena kwa heshima yake. Kwa hiyo wote huchelewa. Matokeo yake, ilikuwa imepita miaka minne hakuna hata mtu mmoja aliyetunukiwa Kwalea. Wakunga arobaini wa kwanza walikuwa wameongezewa arobaini wengine, na wengine, na wengine, mpaka tukawa na wahitimu watarajiwa mia moja na sitini, wote wamefaulu, wote wamekaa. Chuo kiliposhindwa kupata viti zaidi kikaacha kupokea wapya, nasi tulijivunia sana, maana ilikuwa dalili ya ukuaji.

Wa kwanza katika wale arobaini wa kwanza alikuwa Somoe Nandonde. Kiti namba moja.

Somoe alikuwa mpishi wetu. Alisonga ugali chuoni miaka kumi na miwili, akisikiliza masomo kupitia dirisha la jikoni lililotazamana na darasa la ukunga, mpaka siku mwalimu alipouliza swali darasa zima likanyamaza, na jibu likatoka jikoni. Wakamwandikisha. Akawapita wote. Zahanati ya Kwalea haikuwa na mkunga tangu yule wa zamani astaafu. Wanawake wetu walikuwa wakisafiri maili thelathini kwenda kujifungulia mjini, na wengine wakijifungulia njiani. Zahanati ikamwekea Somoe nafasi yake, ikasubiri mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka huu wa nne wakamletea barua: asipotunukiwa safari hii, nafasi inafutwa, na haitarudi.

Asubuhi ya mahafali alikuja stoo kuchukua joho. Nikamkuta ameshalipiga pasi mara mbili kabla sijamkabidhi, sijui aliingilia wapi.

"Kaka Kilongola," akaniambia, "leo nikikosa, basi tena."

"Hukosi, dada yangu. Mstahimilivu hula mbivu."

"Mbivu gani? Zimeshaoza, zimeanguka, zimeota mti mwingine." Akacheka, akavaa kofia. "Wewe niombee tu Mungu hao wakubwa wafike kwa pamoja."

Nikamwombea. Sikujua naomba kitu kikubwa namna hiyo.

Kadi ya mwaliko ilisema saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Majoho na Makofi, akafika saa tisa alasiri, jambo lililotupa moyo, kwani mwaka uliopita alifika kesho yake. Nikatangulia na mwiko wangu. Nyuma yangu alikuja Mkuu wa Chuo, Dokta Gwakisa, joho lake lina kola tatu za manyoya kwa jua lile, anatiririka jasho kwa furaha. Nyuma yake wazee wa baraza, kisha Waziri, kisha mtu wa kumpepea Waziri, kisha Afisa Itifaki kutoka makao makuu, Bwana Mwombeki, mwembamba, amekumbatia daftari jekundu kifuani kama mtoto mchanga.

Mshereheshaji alikuwa Bwana Chiduo. Huyu ni mtu wetu, ana sauti ya kufukuza ndege shambani, na mkewe Mwajabu alikuwa amekaa safu ya tatu, mjamzito wa miezi tisa na ushee, anakula karanga.

"Kwa heshima na taadhima!" Chiduo akaanza, na orodha ikaanza.

Ilikuwa na majina mia moja na kumi na mawili. Alifika jina la thelathini, likaingia gari la Mkurugenzi wa Mazingira Bora ya Wakurugenzi. Tukaanza upya. Alifika la hamsini na nne, akaingia Kaimu Naibu wa mtu ambaye mwenyewe alikuwa ameshakaa. Upya. Alifika la tisini, jamani, la tisini! Mia moja na sitini wameshika vishada vyao mkononi. Ndipo Mwenyekiti wa Bodi ya Bodi akarudi kutoka msalani, na Bwana Mwombeki akanyanyua kidole.

"Aliondoka, sasa amefika," akasema. "Upya."

"Lakini alishatajwa!" Chiduo akalalamika.

"Aliyetajwa ni yule aliyeondoka."

Watu wa jukwaani wakapiga makofi kwa hoja ile. Wengine watatu wakainuka kwenda msalani.

Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo niliposikia karanga zinamwagika. Nikageuka. Mwajabu amelishika bega la jirani yake, macho yamemtoka, na chini ya kiti kumelowa.

"Chupa imepasuka," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akasema kwa sauti isiyo ya kawaida: "CHIDUO WEEE!"

Chiduo alikuwa kwenye jina la kumi na tisa. Nikamwona anamtazama mkewe, anatazama karatasi, anamtazama mkewe. "Mheshimiwa Katibu... Mheshimiwa Katibu Msaidizi... Mwajabu, ni sasa hivi?"

"Hapana, ni mwakani! Ni sasa hivi, mwanamume!"

Hapo ndipo nilipoona uzuri wa nchi yetu. Mahali pengine pote duniani mwanamke akishikwa na uchungu hadharani anatafutiwa mkunga. Sisi tulikuwa na wakunga mia moja na sitini, wamekaa kwa safu, hatua sita kutoka kwake, na hakuna hata mmoja aliyesogea. Huo ndio utii wa sheria. Nilitaka kulia kwa fahari, ila nadhani haikuwa fahari.

Somoe peke yake ndiye aliyekuwa amesimama. Hakusogea, amesimama tu, vidole vinachezacheza kana kwamba vinahesabu.

"Mkuu," akamwambia Dokta Gwakisa, "yule mama ameshafika. Mtoto wake wa kwanza alitoka kwa nusu saa, mimi namjua. Mjini hafiki. Waambie watutunuku sasa, yaishe."

Dokta Gwakisa akainama kwa Bwana Mwombeki. Bwana Mwombeki akafungua daftari jekundu, akapitisha kidole juu mpaka chini.

"Ratiba ina burudani," akasema. "Ina keki. Ina hotuba. Uzazi haumo. Huo uchungu umeombewa kibali?"

"Umeanza tu, bwana."

"Bila barua?"

Ikaundwa kamati ndogo ya watu tisa kushughulikia uchungu huo. Wajumbe walipoinuka kwenda kukutana nyuma ya turubai walihesabiwa wameondoka, na waliporudi wakahesabiwa wamefika. Orodha ikaanza upya. Kamati ilileta pendekezo kwamba Mheshimiwa Waziri azungumze na mama moja kwa moja, na Mheshimiwa, kwa unyenyekevu uliotugusa sote, akakubali kushika kipaza sauti.

"Mama yangu," akasema, "serikali yako inakupenda. Tunakuomba ustahimili kidogo tu. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka."

Makofi yakalia meza kuu nzima.

"Na walisema ngoja ngoja huumiza matumbo!" Mwajabu akajibu, amejikunja kwenye mkeka waliomtandikia. "Mwambieni huyo aje azae yeye, nami nitamstahimilia!"

Akina mama wa Kwalea wakaangua kicheko, hata yeye mwenyewe akacheka, kisha uchungu ukamkata, akapiga yowe. Weee! Mimi nilikaribia kuudondosha mwiko. Somoe alikuwa ametembea hatua tatu kati ya zile sita. Mkuu wa Chuo akamshika mkono wa joho.

"Somoe, mwanangu, fikiri. Ukimgusa, umejifuta. Miaka minne! Nafasi yako! Subiri orodha iishe, dakika chache tu."

"Zikiwa chache zitakuwa ngapi, Mkuu?"

"Majina mia moja na kumi na mawili," akasema maskini, anajifuta jasho kwa manyoya.

Chiduo alikuwa akisoma. Nitamsifu mtu huyu mpaka naingia kaburini. Alikuwa akisoma kwa mbio, majina yanagongana, vyeo vinakatika mikia, machozi yanamshuka, na kila mkewe anapopiga yowe yeye anarudia jina alilokuwa nalo. Akafika la thelathini na sita. Nyuma ya uwanja tukaona vumbi la gari jingine linakuja. Chiduo akaliona. Akaishusha karatasi.

"Mheshimiwa Mratibu Mkuu wa... wa..." Akaitupa karatasi. "ITIFAKI IMEZINGATIWA!"

Lahaula! Kimya kiliingia mpaka ukasikia nzi wa kwenye keki. Mwenyekiti wa Bodi ya Bodi akashika moyo. Mkurugenzi mmoja akafunikwa uso kwa leso na mkewe asije akaona. Bwana Mwombeki akaangusha daftari jekundu, na mimi niliyekaa karibu nikaona ndani: kurasa zote zilikuwa na mstari mmoja tu, "Upya", kwa mwandiko mzuri sana.

Kisha uwanja ukalipuka kwa vifijo. Watu wakarusha kofia, vikapu, na mzee mmoja akarusha fimbo yake, akabaki anashikiliwa. Waziri, ambaye makofi humwinua popote alipo, akajikuta amesimama mbele ya kipaza sauti na hotuba mkononi. Somoe akafumba macho, akaweka vidole kwenye kishada. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini.

"Ukurasa wa kwanza," akasema Waziri.

Hotuba ilikuwa na kurasa arobaini na sita. Neno "nawatunuku" lilikuwa la mwisho, ukurasa wa arobaini na sita. Najua, kwa sababu niliipeleka mwenyewe kupigwa chapa.

"Elimu," Mheshimiwa akasoma, "ni elimu. Bila elimu, ndugu zangu, tungekuwa hatuna elimu."

"Mheshimiwa!" Somoe akapaza sauti. Hakuna mpishi aliyewahi kumpazia sauti Waziri katika nchi yetu. "Tafadhali, baba, nakuomba. Ruka! Fungua ukurasa wa mwisho, sema lile neno moja, kisha urudi usome zote. Tutakusikiliza mpaka kesho!"

Waziri akazitazama karatasi zake kwa upole, kama baba anayeulizwa swali gumu.

"Nikiruka, binti yangu," akasema, "nitajuaje nilichosema?" Akalamba kidole. "Ukurasa wa pili."

Somoe akaitazama bendera. Askari wa kuishusha alikuwa ameshajipanga chini ya mlingoti, anatazama saa. Akamtazama Waziri. Halafu Mwajabu akaita, safari hii hakumwita Chiduo. Aliita, "Somoe, dada yangu, kichwa!"

Nilimwona Somoe akilia. Hakujificha. Alilia huku anakunja mikono ya joho, machozi yanamdondokea kwenye viwiko, na akazimaliza zile hatua tatu zilizobaki akapiga magoti.

"Niko hapa," akasema. "Usisukume bado. Vuta pumzi na mimi."

Basi wale mia moja na hamsini na tisa wakainuka. Hakuna aliyewapa amri, jambo ambalo kisheria bado linachunguzwa. Walivua majoho yao mapya, wakashikana, wakayanyoosha kuwa ukuta mweusi kumzunguka mama. Wengine wakaleta maji ya moto kutoka kwenye chai ya wageni rasmi, na mmoja akanyang'anya kitambaa cha meza kuu huku vikombe vimekaa juu yake, hata kimoja hakikudondoka. Kutoka nyuma ya ukuta ule tukamsikia Somoe, hana haraka wala hana makeke, "Sasa, mama. Sasa. Vizuri. Tena." Jukwaani sauti nyingine ikisema, "Ukurasa wa tisa. Kuhusu makofi."

Halafu mtoto akalia.

Jamani, vigelegele! Sijawahi kuvisikia vya namna ile. Chiduo akaruka meza. Wanawake wakaimba, watu wakakumbatiana, nami nikajikuta nimeunyanyua mwiko juu, nacheza. Mheshimiwa Waziri aliinamisha kichwa kushoto na kulia akipokea pongezi, kwani alikuwa amemaliza tu aya aliyoipenda. Somoe akatoka nyuma ya majoho na mtoto wa kike amefungwa kwenye kitambaa cha meza, mzima, mweusi tii, anapiga ngumi hewani. Na hapohapo filimbi ikalia, askari akapiga saluti, bendera ikashuka.

Bwana Mwombeki ndiye aliyerudisha utulivu. Alipanda juu ya kiti akatoa uamuzi, na uamuzi ule unafundishwa sasa katika vyuo vya sheria.

"Mahafali hayakuanza," akasema. "Kwa hiyo hapa hapakuwa na mkunga. Pasipo na mkunga hakuna aliyezalisha. Kwa kuwa hakuna aliyezalisha, huyu mwanamke Somoe hana kosa, aende nyumbani kwa amani, serikali ina huruma. Na kwa kuwa hakuna aliyezalisha, huyo mtoto hajazaliwa. Atazaliwa mwakani, kwenye mahafali, kati ya burudani na keki. Nitamwingiza kwenye ratiba."

Mtoto akalia.

"Nani huyo anayelia?" Waziri akauliza.

"Hakuna mtu, Mheshimiwa," Bwana Mwombeki akajibu. Magari yakaondoka.

Tulirudi stoo mimi na Somoe kurudisha majoho. Lake lilikuwa na damu, na kwenye fomu nikaandika "limechakaa kwa matumizi", kitu ambacho sijawahi kukiandika kwa joho lolote. Nikamuuliza kama anajuta.

"Kumshika yule mtoto sijuti," akasema. "Lakini inaniuma, Kilongola, sikufichi. Inaniuma hapa." Akajigonga kifuani. "Nilitaka mara moja tu niitwe jina langu, nigeuze kile kishada. Mara moja tu, basi." Akakaa juu ya gunia la sukari akalia tena, nami nikasimama pembeni na mwiko wangu kama mpumbavu.

Zahanati ikafuta nafasi yake Jumatatu. Jumanne Somoe akagongewa mlango.

"Sijatunukiwa, dada," akamwambia mwanamke aliyekuja.

"Na wangu hatazaliwa," mwanamke akajibu. "Fungua."

Wakaanza kuja. Na wale wengine mia moja na hamsini na tisa walikuwa wamerudi kwao, kila mmoja kwenye kata yake, na huko nako milango ikagongwa. Mwaka ule wilaya yetu haikupata mtoto hata mmoja kwenye vitabu, wizara ikatuletea ngao ya uzazi wa mpango. Aliyeileta alitoa hotuba akipiga kelele, maana watoto ambao hawajazaliwa walikuwa wamejaa uwanjani na hasikiki.

Mahafali yaliyofuata, serikali iliapa hakuna kuchelewa. Wakubwa walifika siku moja kabla wakakesha jukwaani na mito yao, na kila mmoja alikatazwa kunywa maji. Bwana Chiduo alikuwa ameshaondolewa kazini kwa yale maneno mawili, hivyo Bwana Mwombeki akasoma orodha mwenyewe. Na wallahi, mimi nilikuwepo, saa nne na robo asubuhi akafika jina la mia moja na kumi na mbili akanyamaza. Orodha imeisha! Watu wakatazamana, hakuna aliyejua kinachofuata. Mtoto wa Chiduo alikuwa azaliwe baadaye kidogo kama ratiba ilivyosema, lakini alikuwa ameanza kutembea, akawatoroka chini ya meza na kipande cha keki.

Waziri akasimama. Kwa sababu ya furaha akaruka hadi ukurasa wa mwisho. Ndipo tulipotazama viti vya wahitimu.

Vilikuwa vitupu. Vyote mia moja na sitini.

"Kilongola!" Dokta Gwakisa akanong'ona. "Kimbia! Kamlete hata mmoja!"

Nikakimbia na mwiko begani, sikumbuki kama niligusa ardhi. Nyumbani kwa Somoe akina mama watatu walikuwa wamesimama kwenye foleni nje, wameshika viuno. Nikagonga. Akafungua kidogo, jasho limemjaa usoni, mikono ameinyanyua juu imelowa.

"Dada Somoe, orodha imeisha! Waziri amesimama! Ni wewe tu, njoo utunukiwe!"

Nikaona uso wake unabadilika. Alitazama kule chuoni kwa muda, nusu dakika hivi. Ndani mwanamke akaguna.

"Mwambie Waziri anisubiri," Somoe akasema. "Huyu hasubiri." Akafunga mlango.

Nilirudi nikatoa taarifa. Bwana Mwombeki akapekua daftari, akasema sheria inataka majina, kofia na mahali pa kukaa, na vitatu hivyo vipo. Watu hawakutajwa popote. Basi Mheshimiwa akavitunuku viti. "Nawatunuku!" akasema kwa sauti iliyotetemeka, naye Dokta Gwakisa akapita safu kwa safu kugeuza vishada vya kofia tulizoziweka juu ya migongo ya viti, kulia kwenda kushoto, mara mia moja na sitini. Meza kuu ililia kwa furaha. Tangu siku hiyo nchi yetu ina viti mia moja na sitini vyenye stashahada ya ukunga, na hakuna nchi jirani inayotufikia.

Alasiri nikakichukua kiti namba moja kichwani, kofia na stashahada vimefungwa juu yake kwa utepe, nikampelekea mwenyewe. Somoe alikuwa nje ananawa. Akaisoma ile karatasi ya juu ya kiti mpaka mwisho, mhuri na sahihi na vyote. Nilidhani atalia. Akacheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaivaa ile kofia mwenyewe, akageuza kishada kutoka kushoto kurudi kulia.

"Kiweke hapo chini, kaka," akaniambia. Akaufungua ule utepe, akapangusa kiti kwa kanga yake, akamgeukia wa mwisho kwenye foleni, msichana mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta amefumba macho. "Njoo mama," akamwambia, "kaa hapa, zamu yako inakuja."

Msichana akakaa.